Mtoto kaulizwa kabila lake, kajibu "mimi wa Gongo la Mboto". Wakuu, kabila la mtu linatoka wapi hasa?

#1 MwembeMadafu

Wakuu habari za jioni.

Mwanangu yuko darasa la nne. Wiki hii walikuwa na somo la makabila na mila, mwalimu akawaambia kila mmoja asimame ataje kabila lake na chakula cha asili cha kwao. Wa kwangu kasimama: "Mimi wa Gongo la Mboto, kwetu tunakula chipsi mayai." Darasa zima hoi kwa kicheko.

Jioni nikamweka chini nikamweleza kwamba yeye ni Mchaga wa Kibosho. Akaniambia, "Baba, sema kitu kwa Kichaga." Nikasalimia. "Sema kingine." Nikamwambia akaoge.

Mimi mwenyewe nimezaliwa Ilala. Mzee wangu alikuja Dar kufanya kazi bandarini, Moshi tulikuwa tunakwenda Desemba na kwenye misiba basi. Mama yake dogo ni Mluguru wa Mgeta. Bibi mzaa mama aliposikia mjadala akasema tunajisumbua bure, kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, haijalishi baba katelemka mlima gani.

Sasa naomba wajuzi mnisaidie. Kinachomfanya mtu awe wa kabila fulani ni damu, lugha, malezi, au ni vile watu wanavyoamua kukuita? Kwa vipimo karibu vyote huyu mtoto si Mchaga wala Mluguru. Lakini siku akifungua duka akakataa kukopesha, mtaa mzima utasema "Wachaga bwana".

#2 Kiroboto

Chipsi mayai ndicho chakula cha asili cha Dar. Dogo apewe maksi zake zote.

#3 Mjukuu wa Mangi

Mkuu MwembeMadafu, wewe ni Mchaga wa Desemba, usimlaumu mtoto.

Kabila halifundishwi sebuleni kwa maneno. Mpeleke kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mwaka ule nilipompeleka wa kwangu, babu yake alimshika mkono akampitisha migombani akamwonyesha makaburi: huyu alimzaa huyu, huyu ndiye uliyerithi jina lake. Kisha mbuzi akaangushwa. Dogo akaona shangazi kachukua pande lake bila kuuliza, baba mdogo kachukua lake, wazee lao. Akaniuliza kwa nini yeye hakuchagua. Nikamjibu kwamba nyama ina wenyewe, na kila pande linasema wewe ni nani kwa nani. Tangu siku hiyo anajua ana babu wangapi na anajua asimame wapi watu wakijipanga. Kichaga hajui hata leo, ila Uchaga anao.

#4 Mkami76

Mjukuu wa Mangi, hiyo ni nzuri kusimulia, lakini tuseme ukweli. Mnachorithishana kule ni kihamba. Mtoto wa mwisho anabaki na nyumba ya baba, wa kwanza anapewa cha kwake, wa katikati wanatafuta maisha Kariakoo. Mtu asiye na kipande cha ardhi cha kugombea, baada ya vizazi viwili husikii tena akijiita Mchaga. Kabila ni ardhi, mengine ni sherehe.

#5 Mjukuu wa Mangi

Dada Mkami, hao wa katikati walioko Kariakoo ndio wanaojaza mabasi Desemba. Wangekuwa wanafuata ardhi tu wasingehangaika, maana hawana.

#6 Binti Mwera

Kuhusu bibi mzaa mama: ana haki kabisa na asipuuzwe. Waluguru, Wakaguru, Wamwera, Wayao, Wamakonde, wote hawa kwa asili mtoto anahesabiwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kuliko baba. Hii ya "kabila la baba" tumezoea kwa sababu fomu na majina ya ukoo ya kizungu vinakwenda kwa baba. Kwa hiyo dogo, kwa hesabu za Kibosho ni Mchaga kamili, na kwa hesabu za Mgeta ni Mluguru kamili. Si nusu kwa nusu. Kila upande unamdai mzima.

Nami niseme langu. Niliwekwa ndani nikachezwa unyago kwetu Nachingwea nikiwa binti mdogo. Nilitoka nikiwa mtu mwingine machoni pa watu: salamu zilibadilika, kazi zilibadilika, hata wanaume wa ukoo walianza kuniongelesha kwa adabu nyingine. Ndani yangu nilikuwa yule yule, nawaza mpira wa nyavu na hesabu. Ilinichukua miaka hadi vile watu wanavyoniona na vile ninavyojiona vikakutana. Na sina hakika vimekutana vyote.

#7 Chale wa Mikindani

Binti Mwera umenena. Kwetu jandoni ni hivyo hivyo. Unaingia na jina, unatoka na jina jingine, na ukiitwa la zamani huitiki. Wale mliokuwa nao kambini ni ndugu hadi kufa. Mimi nina marafiki wa chuo nimewasahau sura, lakini wa jando nawajua hadi watoto wao.

Ila siku hizi inafanywa likizo ya shule, haraka haraka, na wengine hospitali tu kisha soda. Sijui kama watoka na kitu.

#8 Kiroboto

Wanatoka na soda.

#9 Tumbili wa Tegeta

Haya yote yangekuwa hayapo kama tungefuata vizuri. Nyerere alifuta makabila 1967, sisi tunayafufua humu. Mwambie mtoto ni Mtanzania, basi.

#10 Msomaji wa Mzumbe

Tumbili, hakuna sheria iliyofuta makabila. Kilichofutwa ni mamlaka ya machifu, na hiyo ni 1963. Mwaka 1967 ni Azimio la Arusha, na pia ndiyo sensa ya mwisho iliyouliza watu kabila. Ya 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza. Leo tuko zaidi ya milioni 61 kwa sensa iliyopita na hakuna anayejua kwa uhakika Wasukuma ni wangapi. Ni uamuzi wa makusudi, lakini kuacha kuhesabu kitu si kukifuta.

#11 Tumbili wa Tegeta

Nilimaanisha kimoyomoyo.

#12 Mzee wa Kaliua

Vijana hamjambo.

Nimesoma kimya kimya, sasa nitie neno. Nilitoka Bukoba 1971 na sanduku la bati, meli hadi Mwanza, kisha treni hadi Tabora kuanza kidato cha kwanza. Serikali ndiyo ilikuwa inapanga nani aende wapi, na kwa makusudi ilikuwa inatupeleka mbali. Kitanda cha juu yangu alilala Mngoni, cha pembeni Mmeru, mbele yangu kijana wa Mafia ambaye hakuwahi kuona baridi. Wiki za kwanza tulikaa kimakabila, hasa kwenye kula. Muhula ulipokwisha tulikuwa tunagombana kwa mabweni. Mhaya wa bweni jingine alikuwa adui yangu kwenye mpira kuliko Mngoni wa kitanda cha juu.

Baadaye JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kambi ya Makutupora. Unanyolewa, unavaa sare, unaimba, unalima, afande anakutukana bila kujali baba yako ni nani. Mwaka mmoja hivi. Mke wangu nimemwoa Songea, dada yake yule Mngoni. Watoto wetu sita hakuna anayejua Kihaya cha kutosha kununua ndizi. Je, tulipoteza? Kitu tulipoteza. Lakini sisi hatukuambiwa tu kuwa ni Watanzania, tulilazwa chumba kimoja hadi tukawa.

#13 MwembeMadafu

Mzee shikamoo. Hii ndiyo nilikuwa naitafuta.

#14 Mzee wa Kaliua

Marahaba mwanangu. Mpe mtoto salamu zangu, mwambie Gongo la Mboto ni kwao kweli.

#15 Mkami76

Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, hiyo JKT mnayoiimba wasomi wenyewe waliikataa. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar waliandamana kuipinga, Mwalimu akawarudisha makwao zaidi ya 300. Umoja ulikuwa na kiboko nyuma yake.

#16 Mzee wa Kaliua

Marahaba. Ni kweli, walifukuzwa, na wengi walirudishwa baadaye. Kiboko kilikuwepo, sikatai. Hata unyago aliousema Binti Mwera una kiboko chake.

#17 Binti Mwera

Mzee umenimaliza 😂 Ni kweli, kungwi hana utani.

#18 Njoro_254

Niaje wadau wa Bongo. Mimi ni jirani yenu kutoka Nakuru, nimekuwa nikifuatilia huu uzi kwa sababu kwetu swali la huyo mtoto halichekeshi.

Baba ni Mkikuyu, mama Mluhya, nimelelewa Nakuru mjini, nyumbani tuliongea Kiswahili. Nilijijua kama mtoto wa Nakuru, kama huyo wenu wa Gongo la Mboto. Mapema 2008, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, nilisimamishwa na vijana barabarani wakaniuliza jina la pili. Mimi nilikuwa najiona nani, hilo halikuwa na maana yoyote pale. Nilijibu jina la mjomba, upande wa mama, nikapita. Tume iliyochunguza ilihesabu waliokufa 1,133. Kwa hiyo mleta mada, jibu langu: kabila ni lile atakalokuita mtu mwenye panga.

#19 Chale wa Mikindani

Pole sana ndugu yangu Njoro.

#20 Mama Neema

Pole kaka. Mungu alikuvusha.

#21 Msomaji wa Mzumbe

Pole mkuu Njoro. Na umegusa jambo ambalo watafiti wamelichimba. Edward Miguel alilinganisha wilaya ya Busia ya kwenu na wilaya ya Meatu ya kwetu, matokeo yakatoka 2004. Busia, sehemu zenye makabila mchanganyiko zaidi zilichangia shule zao kidogo zaidi. Meatu mchanganyiko haukuleta tofauti hiyo. Maelezo yake ni yale ya Mzee wa Kaliua: Kiswahili, mtaala wa taifa, machifu kuondolewa, siasa kutotumia makabila. Wilaya zinazofanana kwa mengi, malezi ya kitaifa tofauti, tabia tofauti.

#22 Mkami76

Meatu naijua, nimefanya kazi huko. Wasukuma ni wengi mno kule. Ukiwa na kabila moja kubwa na wengine wachache, mchango wa shule unakusanywa tu. Wilaya mbili haziwezi kubeba nchi mbili mgongoni.

#23 Msomaji wa Mzumbe

Hoja nzuri, na hata mwenyewe alijua wilaya mbili ni chache. Basi chukua mfano mwingine wa mwaka huo huo 2004, Daniel Posner. Wachewa na Watumbuka wamekatwa na mpaka wa Malawi na Zambia. Lugha ile ile, ngoma zile zile, malezi ya nyumbani yale yale, vijiji vinatazamana. Upande wa Malawi wanatiliana shaka, kuoana wanasita, kura hawapeani. Upande wa Zambia wanajiona ndugu wa Mashariki, hakuna shida. Yeye anasema sababu ni hesabu za siasa: Malawi kila kabila kati ya hayo ni kubwa kiasi cha kumbeba mgombea, Zambia yote mawili ni madogo, hakuna faida kuyatenganisha.

Hii inampiga Mjukuu wa Mangi na pia inampiga Mzee wetu kidogo. Utamaduni ni ule ule pande zote mbili, lakini uzito wa kuwa Mchewa ni tofauti kabisa.

#24 Mjukuu wa Mangi

Hainipigi hata kidogo. Umeniambia lini kabila linakuwa ugomvi. Hujaniambia Mchewa anakuwaje Mchewa. Hicho kilianzia kwa bibi yake jikoni, mwanasiasa alikikuta tayari.

#25 Njoro_254

Mjukuu wa Mangi, si kila mara alikikuta tayari. Kwetu "Kalenjin" kama jina moja la Wanandi, Wakipsigis, Watugen na wenzao lilishika miaka ya 1940 na 1950. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na lake. Mijikenda pia ni umoja uliopewa jina miaka ya 1940. Leo mtu atakwambia yeye ni Mkalenjin tangu enzi za babu wa babu.

#26 Msomaji wa Mzumbe

Na Uchaga ni hivyo hivyo, samahani mkuu. Kabla ya Wajerumani kulikuwa na Machame, Kibosho, Marangu, Rombo na wengineo, kila mmoja na mangi wake, yaani chifu, na walipigana vita vikali. Mangi Sina wa Kibosho na watu wa Machame hawakuwa wanaitana ndugu. Kilichowakusanya ni utawala wa kikoloni, misheni, na kahawa. KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianza 1933, ikawauzia wote kahawa kwa chombo kimoja. Mangi Mkuu wa Wachaga wote, Thomas Marealle, kapatikana 1952. Babu yake MwembeMadafu pengine alizaliwa Mkibosho akafa Mchaga bila kuhama nyumba.

#27 Mjukuu wa Mangi

Nakubali ya 1952. Ila nenda leo Machame ukawaambie wao na Kibosho ni kitu kimoja, urudi utupe majibu.

#28 Kiroboto

Kwa hiyo tumetoka "dogo si Mchaga" tumefika "hakuna Mchaga". Mleta mada ukanywe maji.

#29 Juma Kandambili

Mnahangaika bure. Mtoto wa Dar kabila lake ni moja kati ya mawili, Simba au Yanga. Hilo analirithi kwa baba, hawezi kubadili, anaweza kuoa nje lakini kwa shida.

#30 Mama Neema

Kwetu baba Yanga mama Simba. Watoto wanafuata mama. Sisi ni Waluguru wa mpira.

#31 Msomaji wa Mzumbe

Mnacheka lakini mwanasaikolojia Henri Tajfel alilipima hili la kupendelea kundi lako. Utafiti wake ulitoka 1971, vijana wa shule Bristol, Uingereza. Aliwaonyesha picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, akawagawa makundi akidai ni kwa picha walizopenda. Kumbe kagawa ovyo tu. Hawakujuana nani yuko kundi gani, hawakuzungumza. Alipowapa pointi za pesa za kugawia wengine, wakapendelea wa kundi lao, na wengine walikubali kundi lao lipate kidogo ili mradi lile jingine lipate kidogo zaidi. Hakuna lugha, hakuna bibi, hakuna kihamba.

#32 Juma Kandambili

Hao ni Simba. Wako radhi wakose kombe mradi na sisi tukose. Kwanza sisi tuna historia, Yanga 1935, wao wamekuja wakiitwa Simba tu siku hizi za karibuni.

#33 Wa Msimbazi

Kandambili punguza. Klabu ni ya 1936, mwaka mmoja nyuma yenu. Jina la Simba ndilo la 1971, kabla yake ilikuwa Sunderland. Kubadili jina si kuzaliwa upya.

#34 Binti Mwera

Mwambie Chale wa Mikindani hivyo 😂 Kwao ukibadili jina umezaliwa upya.

#35 Chale wa Mikindani

Kabisa. Sunderland alikwenda jando 1971.

#36 Mswahili wa Matrah

Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, naomba niwarudishe kwenye mada kabla hamjapigana.

Baba kazaliwa Malindi, Unguja. Wazee wetu walikuja Omani baada ya Sultani Qaboos kushika nchi 1970, alipowaita wenye asili ya huku warudi. Unguja tuliitwa Waarabu. Tulipofika huku kwa "wenzetu", tukaitwa Wazanzibari, na hadi leo jina hilo lipo. Bibi yangu hakujua Kiarabu cha kununulia samaki. Sokoni akisema neno moja tu wanajua. Nyumbani ni Kiswahili, mandazi, mchuzi wa nazi, na taarabu ikipigwa watu wanalia.

Wanangu sasa skuli ni Kiarabu na Kiingereza, Kiswahili wanazungumza na bibi yao tu. Mkubwa juzi kaniambia yeye ni Mwomani, basi. Sikumjibu. Mdogo wake kajiita Mzanzibari na hajawahi kukanyaga Unguja. Nyumba moja, malezi mamoja, mama mmoja. Sasa nyie mnaosema ni malezi, nifafanulieni hapo.

#37 Mama Neema

Wa kwanza ana umri gani sheikh? Pengine ni marafiki tu. Mtoto akifika kidato anachukua rangi ya wenzake, nyumbani mnabaki kumlisha.

#38 Mswahili wa Matrah

Yuko chuo, wa pili bado sekondari. Inawezekana bi mkubwa. Lakini mkubwa ndiye aliyelelewa na bibi zaidi, na ndiye aliyekataa.

#39 Msomaji wa Mzumbe

Hata Unguja kwenyewe watu walihama utambulisho bila kuhama mtaa. Linganisha sensa ya 1924 na ya 1931: waliojiandika Waswahili walipungua mno, Washirazi wakaongezeka. Si kwamba watu walikufa. Kuitwa Mswahili kulikuwa kunabeba dhana ya utumwa, na serikali ilikuwa inagawa haki kwa asili. Vita vya pili mgao wa chakula ulikwenda kwa rangi, mchele kwa hawa, wengine vingine. Mtu mwenye njaa anajua kujitambulisha.

#40 Mkami76

Asante. Nilisema tangu #4, fuata ardhi, fuata mchele.

#41 Mtoto wa Mishamo

Habari wakuu. Sijawahi kuandika humu, leo nimeshindwa kupita.

Wazazi wangu walikimbia Burundi 1972 wakiwa wadogo. Mimi nimezaliwa Mishamo, Katavi ya sasa, nimesoma shule ya msingi huko huko, nimeimba "Mungu ibariki Afrika" kila asubuhi nikiamini naimbia kwetu. Kirundi ni cha nyumbani, cha mambo ya jikoni na maombi. Uraia tulipewa 2014, watu zaidi ya laki moja na sitini kwa pamoja, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kabla ya hapo nilikuwa Mtanzania kwa kila kitu isipokuwa karatasi.

Sasa linalonitatiza ni hili swali la mleta mada. Nikiulizwa kabila najibu Muha. Kiha na Kirundi tunaelewana vizuri, hakuna anayeshtuka, maongezi yanaendelea. Nikisema ukweli naulizwa maswali ishirini. Miaka imepita, na sasa watani wa Waha wananitania kama Muha, kazini nimeshalipa faini za utani, kwenye msiba wa mwenzetu nilisimama upande wa Waha nikachekesha watu. Nisaidieni: mimi bado nadanganya?

#42 Kiroboto

Kaka, ukishalipa faini ya utani wewe ni Muha. Hakuna mtu anayelipa ile hela kwa kuigiza.

#43 Mzee wa Kaliua

Mwanangu wa Mishamo, karibu. Wanyamwezi na Wazaramo utani wao ulianza kwenye njia za misafara, wapagazi na wenyeji wa pwani. Wageni walipewa nafasi ya kuingia msibani na kusema ovyo, na nafasi hiyo ndiyo ikawafanya wawe wa hapo. Sijui kama unadanganya. Ila ningekuwa Muha nisingekufukuza.

#44 Mjukuu wa Mangi

Mimi na Wapare tumetaniana tangu nizaliwe. Kwenye msiba wa baba, Mpare alizuia jeneza mlangoni akidai deni. Ndipo nilipojua kweli sisi ni Wachaga, kwa kudaiwa. Lakini kaka wa Mishamo, kuna siku mwanao atauliza makaburi ya babu yako wapi. Kwa Waha utamwonyesha nini?

#45 Mtoto wa Mishamo

Baba kazikwa Mishamo. Nitamwonyesha hapo.

#46 Njoro_254

Mambo ya kaburi kwetu yalifika mahakama ya rufaa. Wakili S.M. Otieno, Mjaluo, aliishi Nairobi, mke wake Wambui alikuwa Mkikuyu, watoto wamesoma, nyumbani Kiingereza. Akafariki Desemba 1986. Mke anataka azikwe shambani kwao Upper Matasia, ukoo wa Umira Kager unataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano wakibishana kama msomi wa mjini anaweza kuacha kuwa Mjaluo. Mahakama ikawapa ukoo, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Yaani jamaa aliishi alivyotaka maisha yake yote, na siku ya mwisho wakamwambia wewe ni huyu.

#47 Binti Mwera

Hapo Mjukuu wa Mangi anashangilia.

#48 Mjukuu wa Mangi

Sishangilii msiba wa mtu. Lakini ndiyo.

#49 Mkami76

Nami nashangilia upande mwingine: ilibidi mahakama. Kama Ujaluo ungekuwa ndani ya mtu kama mifupa, usingehitaji majaji kuuthibitisha.

#50 MwembeMadafu

Wakuu nimerudi. Nimemsomea mke wangu uzi wote, kasema huyo Binti Mwera aongezewe chai. Bibi wa Mgeta anasema Desemba dogo anakwenda Mgeta, mzee wangu anasema anakwenda Kibosho, tiketi za watu wawili kaahidi atalipa yeye. Dogo anasema popote penye runinga.

Swali langu la pili: kule shuleni wanaandika kabila kwenye fomu. Niandike nini? Na je, ingekuwa bora wasiulize kabisa kama sensa?

#51 Tumbili wa Tegeta

Acha wazi. Wasiulize. Njoro ametueleza yaliyowakuta.

#52 Njoro_254

Tumbili, si rahisi hivyo. Kwale kuna Wamakonde ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Waliishi Kenya vizazi, hawakuwa na vitambulisho, hawakuweza kusajili laini ya simu wala kuajiriwa. Oktoba 2016 wakatembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai. Mwaka uliofuata wakatambuliwa kama kabila la 43, na Wahindi wakawa la 44 mwaka huo huo. Kwa hao, kuandikwa kabila ndiyo ilikuwa mlango wa kuingilia. Wangeachwa wazi kwenye fomu wangebaki nje.

#53 Chale wa Mikindani

Na Wamakonde hao hao waliovuka Ruvuma wakabaki huku Mtwara, wengi walipata uraia bila kuwa kabila la ngapi. Watu wamoja, wakavuka mto mmoja, wengine wakapanda treni na meli kwenda mbele zaidi.

#54 Mkami76

Kwa hiyo Kenya ili uwe Mkenya lazima kwanza uwe wa kabila?

#55 Njoro_254

Kwa karatasi, karibu hivyo. Unaenda kwa chifu, na kwa miaka mingi, hasa mipakani, wazee wa eneo walikuwa wanathibitisha wewe ni wa nani. Usipokuwa wa mtu yeyote, utarudi kesho. Nyinyi mnathibitishwa na nani?

#56 Mtoto wa Mishamo

Mjumbe na mtendaji wa mtaa. Mimi aliniuliza naishi nyumba ya nani na nimehamia lini.

#57 Kiroboto

Wetu hata hilo hajali. Anauliza kama umelipa hela ya taka.